Wiki Tatu Munamufundishaka Nini?

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi, ba maestro wa korali na vijana siku tulipofunga kambi yetu ya kutunga muziki, katika ukumbi mmoja wa Katuba, Lubumbashi. Waliokuwa kazini na safarini wameniomba niyaandike. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema.

Ba papa na ba mama, ba maestro wa korali, wakubwa wangu mliokaa mbele, na ninyi wadogo zangu mliokuja hapa kila asubuhi na baridi ya mwezi wa saba ikiwauma vidole: jambo yenu wote.

Siku ya kwanza ya kambi, mama mmoja alimleta binti yake akiwa amemshika mkono mpaka mlangoni. Yeye hakuingia. Aliutazama ukumbi: hakuna kinanda, hakuna gita, hakuna ngoma, viti tu na ubao. Kisha akaniuliza: “Mwalimu, mutoto yangu anajuaka kuimba tangu zamani. Sasa wiki tatu munamufundishaka nini?”

Nilimjibu haraka, kwa sababu watoto walikuwa wamejaa mlangoni. Nikasema, “Kutunga, mama.” Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake sokoni. Lakini nilijua kwamba sijamjibu. Swali lake lilinifuata wiki zote tatu. Nililala nalo na nikaamka nalo. Mama huyo yuko hapa leo, namwona. Mama, siku ile sikuwa na nafasi. Leo ninayo, naomba nikujibu mbele ya watu.

Siku tatu za kwanza hatukugusa ala yoyote. Nilimpa kila kijana daftari na kalamu, nikawaambia: nendeni mkasikilize, kesho mrudi mniimbie mlichosikia. Si cha redio, si cha simu. Mkasikilize mtaani kwenu. Najua wazazi kadhaa walinung’unika kwamba watoto wao wanazurura. Hawakuwa wanazurura, ba papa. Walikuwa kazini.

Tuulizane: mji wetu huu unaimba saa ngapi? Kijana anayeita abiria kwenye basi la kwenda mtaa wetu wa Kenya, “Kenya, Kenya, Kenyaaa”, je, haimbi? Mama anayepepeta unga, anayemwita mtoto, anayeuza mikate alfajiri, je, haimbi? Tunapita katikati ya nyimbo hizo kila siku, na masikio yetu yamezizoea hata hayazisikii tena.

Kijana mmoja wa Ruashi, miaka 16, alirudi na mwito wa mama muuza makala, yaani makaa. “Makalaaa, makala eeh.” Sauti inapanda, inakaa juu, halafu inashuka ngazi mbili. Aliuimba vizuri sana. Nikamuuliza, “Anaita mara ngapi kabla ya kunyamaza?” Hakuwa amehesabu. Nikamrudisha. Kesho yake alifika mapema kuliko wote, akanisubiri pale nje, na kabla sijafungua mlango akaniambia: “Mara tatu, mwalimu. Ya kwanza na ya pili ziko sawasawa. Ya tatu anaibadilisha mwisho wake.”

Ba papa na ba mama, siku hiyo niliacha somo nililokuwa nimeliandaa. Nikamwambia asimame mbele aseme tena alichosema. Kwa sababu hicho alichosema ndicho kutunga kwenyewe. Ukiimba kitu mara moja, sikio linakisikia. Ukikirudia, sikio linakitambua, linafurahi kama mtu aliyekutana na rafiki. Ukikirudia mara ya tatu bila kukibadilisha, sikio linalala. Ukigeuza kidogo tu, mwishoni tu, sikio linaamka na kutaka kujua kinachofuata. Mama yule hakufundishwa hivyo shuleni. Amefundishwa na watu waliopita bila kununua, na watu waliogeuka wakanunua.

Na hilo halikuanza na muuza makala. Ninyi wazee mnamjua Mwenda, mpiga gita Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 mtu mmoja anayeitwa Hugh Tracey alikuwa akizunguka na mitambo yake kurekodi muziki wa Afrika. Alifika Jadotville, ndiyo Likasi yetu ya leo, kilomita 120 tu kutoka hapa, akamkuta kijana anapiga gita njiani. Kijana wa miaka 22 hivi. Wakarekodi wimbo unaoitwa Masanga. Wimbo huo ukatoka Likasi ukafika Nairobi, ukafika Ulaya, wataalamu wakakaa chini na kalamu kuandika kila noti ya vidole vyake. Mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipanda jukwaani kwenye tamasha kubwa la Newport, Marekani.

Sasa, wadogo zangu, tulisikiliza pamoja Masanga. Mlisikia nini? Vidole viwili: kidole gumba kinatembea chini kwenye besi, kidole cha shahada kinacheza juu. Kipande kifupi kinazunguka na kurudi. Lakini kila kinaporudi hakirudi vilevile. Hapa noti moja imesogea, pale nyingine imechelewa. Yule mama wa Ruashi na Mwenda wa Bunkeya wana siri moja. Na santuri za zamani zilibeba dakika kama tatu tu kila upande. Ndani ya dakika tatu kijana wa Likasi aliweka kitu ambacho leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, bado kuna watu wanahangaika kukipiga.

Kwa hiyo mzazi akiniambia, “Mwalimu, hatuna pesa ya kununua kinanda,” ninamwelewa, maisha ni magumu. Lakini ninamwomba aende aangalie karindula. Pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, mti, nyuzi nne. Watu wa hapa kwetu hawakungoja meli ilete ala kutoka mbali. Walichukua pipa tupu wakalifanya liongee. Katika kambi hii tulikuwa na magita matatu kwa vijana 26, na moja lilikuwa na nyuzi tano. Nyimbo zimetungwa. Nyingine zimetungwa kwa makofi tu.

Nakuja sasa kwa jambo ambalo linaniuma moyoni zaidi, na ba maestro mnisamehe nikikaa hapo kidogo. Ni lugha.

Tumezoea kuchukua muziki uliokwisha kutungwa mahali pengine, kwa lugha nyingine, tukaubandika maneno yetu juu yake. Tunahesabu silabi, zikitosha tunasema wimbo uko tayari. Hauko tayari! Kiswahili kina uzito wake. Neno likisimama peke yake, uzito unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sote tunafanya hivyo bila kufikiri. Lakini neno likirefuka, uzito unahama. Unasema NYUmba. Ukiongeza silabi moja unasema nyumBAni. Umesikia? Uzito umetoka “nyu” umeenda “ba”. Unamwambia mmoja Imba, unawaambia wengi imBEni. Umehama tena. Na liko neno barabara: uzito ukikaa “ba” ya pili, baraBAra, ni njia ya kupita magari; ukirudi nyuma, baRAbara, ni sawasawa kabisa. Herufi zilezile, maana mbili. Anayejua kuwa hizo ni maana mbili ni sikio peke yake.

Sasa mtunzi akiweka noti ndefu na ya juu mahali ambapo neno halina uzito, analivunja neno mguu. Watu wataimba, ndiyo, kwa sababu watu wetu ni wavumilivu. Lakini hawatajua kwa nini wimbo huo hauingii moyoni.

Nitawapa mfano wa humu ndani. Binti mmoja wa Katuba hapa, miaka 14, alitunga wimbo kuhusu kurudi nyumbani jioni. Mstari wa kwanza ulianza na neno “nyumba”, noti ya juu kabisa kwenye “nyu”. Mzuri sana. Mstari wa pili ulianza na “nyumbani”, naye akautumia muziki uleule: noti ya juu kwenye “nyu”, halafu “mbani” ikaanguka chini kama mtu aliyejikwaa ngazini. Alikuwa anajua kwamba kuna kitu kibaya. Aliniambia, “Mwalimu, mstari huu unaniumiza lakini sijui wapi.” Je, si jambo la ajabu mtoto wa miaka 14 kusema hivyo? Alikuwa amekwisha kuwa mtunzi kabla sijamfundisha chochote.

Sikumpa jibu. Nilimuuliza: “Jioni ukiwa unacheza mbali, mama yako anakuitaje?” Akaona haya. Wenzake wakamsukuma. Mwishowe akaweka mikono mdomoni akaita, kwa sauti ya mama yake kabisa: “Ruuudi nyumbaaani!” Ukumbi ulinyamaza, kwa sababu kila mmoja alisikia mama yake mwenyewe. Na sauti ilipanda wapi? Kwenye “ba”. Ikakaa pale, ikashuka polepole kwenye “ni”. Nikamwambia, “Basi andika hivyo.” Akaandika. Wimbo wake wote umezaliwa kutoka kwenye mwito huo. Noti tatu.

Na wale wanaotunga kwa Kiluba au Kibemba, kazi yenu ni kubwa zaidi, kwa sababu katika lugha hizo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Babu zetu walituma habari toka kijiji hadi kijiji kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili, ya juu na ya chini, na watu wakaelewa. Wangeelewaje kama lugha yenyewe isingekuwa tayari na muziki ndani yake? Mtunzi wa Kiluba hatungi muziki kutoka hewani. Anausikiliza uliomo, anaufuata, anaupamba. Tulikuwa na vijana watano waliotunga kwa lugha za nyumbani, na niliwaambia wakaketi na bibi zao kwanza. Kijana mmoja alirudi akasema bibi yake alimcheka, kisha akamsahihisha maneno sita. Nendeni mkambusu bibi huyo kwa niaba yangu.

Kuna jambo jingine mama hakuliona siku ile mlangoni, kwa sababu halionekani. Ni kutupa.

Nani kati yetu hajui ule mlima mweusi karibu na bomba refu la moshi? Tumezaliwa tukiuona. Shaba ya kwanza ilitoka kwenye tanuru la mji huu mwaka 1911, na mlima ule ni kile kilichobaki kila shaba ilipotoka. Na kabla ya Wabelgiji kuja, wazee wetu, wale walioitwa walaji wa shaba, walikuwa wakipanda kwenye machimbo wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Ni majira haya haya tuliyomo sasa. Waliokota mawe ya kijani, wakayachagua kwa mkono, wakayayeyusha kwa makala na mivukuto mpaka shaba nyekundu ikatoka, wakaimimina iwe misalaba. Jiulizeni: kwa msalaba mmoja, mawe mangapi yalitupwa?

Kijana anapokuja hapa anaamini kwamba wimbo unashuka kutoka mbinguni ukiwa umekamilika. Usiposhuka anasema hana kipaji, anaacha. Huo ndio uongo unaoua watunzi wengi kuliko umaskini. Kwa hiyo tuliweka sheria: kila mmoja atunge vipande kumi, abaki na kimoja. Kumi! Siku ya kwanza walilia. Na mmoja alilia kweli, machozi kabisa. Alikuwa na kipande anachokipenda sana, kilikuwa kizuri, lakini hakikuwa cha wimbo ule; kila tulipofika pale wimbo ulisimama kama gari lililokwama kwenye mchanga. Nikamwambia akitoe. Akasema, “Mwalimu, hicho ndicho kizuri kuliko vyote.” Nikamwambia, ndiyo sababu unaumia, kiandike nyuma ya daftari, hakitakufa. Siku nne baadaye alinikimbilia uwanjani na daftari likiwa wazi. Kile kipande kilikuwa kimekuwa mwanzo wa wimbo mwingine, na wimbo huo ni bora kuliko wa kwanza. Mtausikia leo.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu nitasema jambo la nyumbani kwetu.

Nilikuwa na baba mdogo aliyekuwa akiishi hapa hapa Katuba. Alifanya kazi za mikono mchana, na usiku alipiga gita. Mtaani kwetu mtu akifa, watu hawakusubiri aitwe. Walijua kwamba usiku wa pili wa kilio atakuja na gita lake, na atakuwa na wimbo wa marehemu. Wimbo mpya kila mara. Alimtaja marehemu, alitaja kijiji alikotoka, kazi aliyofanya, aliyoyapenda kula, mambo yaliyowachekesha watu kwake. Watu walilia na kucheka pamoja. Bibi yangu alipokufa alimtungia wimbo ambao sisi watoto tuliupenda hata tukawa tunauimba tukienda kuchota maji.

Halafu baba mdogo mwenyewe akafa. Nilikuwa na miaka 19. Usiku wa pili wa kilio chake tulikuwa watu zaidi ya arobaini uani, na mtu akasema: tuimbe wimbo aliomtungia bibi. Tukaanza. Kiitikio tulikijua sote. Ubeti wa kwanza tuliujua. Wa pili, nusu yetu. Wa tatu... huyu anasema hivi, yule anasema hapana, ilikuwa hivi. Shangazi aliimba mstari mmoja, mjomba akaimba mwingine, muziki ukavunjika, tukanyamaza. Na wa nne, sote tulikumbuka tu kwamba ulikuwepo.

Watu arobaini. Sote tulimpenda. Sote tulikuwa tumeusikia mara nyingi. Na ulikuwa umekwenda. Siyo huo peke yake. Nyimbo zote za vilio vyote vya mtaa ule zilikuwa ndani ya mtu mmoja, tukamzika nazo. Hapakuwa na daftari hata moja.

Tangu usiku ule mimi ninaandika. Na ndiyo sababu kila kijana aliyepita hapa ameondoka anajua kuandika anachotunga, hata kama ni kwa do-re-mi tu, bila mistari mitano.

Wapo wanaoniambia kwamba kuandika muziki ni mambo ya Wazungu. Hapana. Waluba wana lukasa. Ni ubao unaoshikwa mkononi, umepambwa kwa shanga na simbi, na kila shanga na kila simbi ina mahali pake na maana yake. Watu wa Mbudye, walioaminiwa kutunza habari za wafalme, walipitisha kidole juu yake wakasimulia na kuimba historia nzima. Lukasa maana yake ni mkono. Na sasa sikilizeni jambo hili: karne ya kumi na moja, Italia, mmonaki mmoja anayeitwa Guido wa Arezzo alitaka watoto wake wa korali wajifunze nyimbo upesi. Alichukua utenzi mmoja wa kumsifu Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambao mistari yake sita ya kwanza huanza kila mmoja ngazi moja juu ya uliotangulia, akachukua silabi ya kwanza ya kila mstari huo. Ndipo tukapata ut, re, mi, fa, sol, la; ut ikaja kuwa do baadaye. Na njia iliyobeba jina lake ya kuwakumbusha waimbaji noti ilikuwa nini? Mkono! Kila noti ina mahali pake kwenye kiungo cha kidole. Mluba na Mwitaliano hawakujuana. Wote wawili waliogopa jambo moja, lile lililotupata sisi uani kwa baba mdogo, na wote wawili wakakimbilia mkononi.

Nimekaa hapo sana, najua. Nibaki na jambo moja, nalo ni ombi kuliko hotuba.

Mwaka 1958, Kamina, upande wetu huu wa nchi, korali ya wavulana na walimu wao iliimba misa inayoitwa Missa Luba. Padri aliyewaongoza alikuwa Mfransisko wa Ubelgiji, Guido Haazen. Maneno ni ya Kilatini, lakini muziki umetoka katika nyimbo na midundo ya watu wetu, na sehemu kubwa waimbaji wenyewe waliibuni papo hapo wakiimba. Mwaka huohuo walikwenda Ulaya, wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Santuri yake ikazunguka dunia nzima. Na juu ya santuri, jina gani lilijulikana? La padri. Simlaumu, bila yeye pengine tusingekuwa na rekodi hiyo, na ninaisikiliza mpaka leo nywele zikinisimama. Lakini nauliza: wale wavulana walioibuni, nani kati yenu anaweza kunitajia watano? Watatu? Mmoja?

Sasa mlinganishe na Joseph Kiwele. Mwalimu, mpiga kinanda, mtoto wa hapa Katanga. Alitunga Missa Katanga, waimbaji vijana wa korali iliyoitwa Msalaba wa Shaba wakaiimba, na jina lake liko pale, limeandikwa, na halitafutika. Tofauti ya Kamina na Kiwele si kipaji. Ni jina kwenye karatasi.

Na mambo haya hayajaisha. Kijana mmoja aliyepita kambi yetu ya kwanza aliusikia wimbo wake kwenye sherehe kubwa hapa mjini, umeimbwa vizuri, na kwenye programu limeandikwa jina la mtu mwingine. Alikuja kwangu akitetemeka. Nikamuuliza, una karatasi? Una tarehe? Una rekodi hata ya simu? Hakuwa nayo. Alikuwa ameuimba kwenye mazoezi, mtu akaubeba. Hatukuweza kufanya lolote, nilikaa naye tu kwenye ngazi pale nje mpaka giza. Nchi yetu ina sheria ya haki za mtunzi, tangu tarehe 5 Aprili 1986, kabla vijana hawa hawajazaliwa. Lakini sheria itamsaidiaje mtu asiye na cha kuonyesha? Kwa hiyo mwaka huu kila daftari lina jina, tarehe na mahali kwenye kila ukurasa, na kila wimbo umerekodiwa siku ulipokamilika.

Ba maestro, hili ni lenu. Mnapogawa karatasi za nyimbo Jumamosi, andikeni juu jina la aliyetunga. Akiwa mtoto wa miaka 14, andikeni. Akiwa mama wa mtaani asiyejua kusoma, andikeni. Msipolijua, ulizeni mpaka mlijue. Ninajua kuna korali hapa zenye nyimbo mia mbili na majina kumi.

Na ba papa, neno kuhusu mabinti. Tulianza na mabinti kumi na wawili, tumemaliza na saba. Hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa kushindwa. Waliitwa nyumbani kupika, kulea, au kwa sababu mtu alisema binti mwenye gita ni binti aliyepotea. Mwaka ujao tutaanza saa mbili asubuhi na kumaliza saa sita, ili kazi za nyumbani zisiwe sababu. Sisi tumesogea. Nanyi sogeeni.

Mama uliyeniuliza mlangoni, nadhani sasa nimekujibu kadiri nilivyoweza. Nilichobakiza utakisikia mwenyewe, kwa sababu wa kwanza kuimba ni binti yako. Hakuna kinanda, wenzake watampigia makofi. Wimbo una dakika tatu kasoro. Mlipoingia mlipewa karatasi yenye nyimbo na majina ya waliotunga. Lake ni la nne kutoka juu, lakini nimeomba aanze yeye.

Binti, panda.